Usiulize Nani Kaumia, Uliza Nani Kahamishwa

Januari 24, 2022, katika Uwanja wa Olembe jijini Yaoundé, Komoro waliingia kucheza na wenyeji Cameroon wakiwa na beki wa kushoto langoni. Chaker Alhadhur, mchezaji wa Ajaccio ya Ufaransa, alivaa jezi ya kipa ambayo namba 3 ilikuwa imebandikwa mgongoni kwa utepe. Kipa wa kwanza, Salim Ben Boina, alikuwa ameumia bega siku 6 kabla, kwenye mechi ile ambayo visiwa vile vidogo viliitoa Ghana kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kwa mabao 3-2. Makipa wengine wawili, Ali Ahamada na Moyadh Ousseni, walikuwa wamekutwa na Uviko-19. Kanuni za CAF wakati ule zilitaka timu yenye wachezaji 11 wazima icheze, awepo kipa au asiwepo.

Dakika ya 7 kiungo Nadjim Abdou akaonyeshwa kadi nyekundu. Wachezaji 10, beki langoni, uwanja wa ugenini, Vincent Aboubakar upande wa pili. Kwa hesabu za kijiweni hapo mtu anasema 8-0 na kuagiza kahawa nyingine.

Cameroon walishinda 2-1. Alhadhur aliokoa mashuti ambayo kipa wa kazi angejisifia, na Youssouf M'Changama akafunga kwa mpira wa adhabu uliowanyamazisha wenyeji zikiwa zimebaki dakika chache. Komoro walitolewa, lakini waliondoka Yaoundé wakipigiwa makofi.

Mechi hiyo inafaa kukumbukwa kila Ijumaa jioni, wasemaji wa klabu wanapoanza kusoma orodha za majeruhi na wachambuzi wa redio kuanza kutoa na kujumlisha: fulani hayupo, kwa hiyo timu imepungua kiasi hiki; wa upande wa pili karudi, kwa hiyo wao wameongezeka kiasi kile. Hesabu hiyo huwa na kasoro. Jina lililokosekana ni nusu tu ya habari. Nusu iliyobaki, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzito, ni nani aliyehamishwa kutoka kwenye nafasi yake ili kuziba pengo, na pengo gani jipya ameliacha nyuma.

Liverpool ya msimu wa 2020/21 ndiyo darasa. Oktoba 17, 2020, Virgil van Dijk aliumia goti katika mechi na Everton na msimu wake ukaishia hapo. Mwezi uliofuata Joe Gomez akaumia goti akiwa na timu ya taifa ya Uingereza. Joël Matip, ambaye hata katika nyakati nzuri alikuwa mgeni wa mara kwa mara wa chumba cha daktari, naye akafunga msimu wake mwishoni mwa Januari. Mabeki wa kati watatu wakawa nje. Kocha Jürgen Klopp akafanya jambo ambalo makocha wengi wangefanya: akamshusha kiungo mkabaji Fabinho akacheze beki, na baadaye nahodha Jordan Henderson akamfuata huko nyuma.

Wote wawili walicheza vizuri pale nyuma. Tatizo lilikuwa mbele yao. Kiungo kilichokuwa kikinyang'anya mpira na kuwalisha mabeki wa pembeni kilibaki bila watu wake. Mabeki wa pembeni wakakosa wa kuwafunikia wakipanda, washambuliaji wakaanza kupokea mpira umechelewa. Januari 21, 2021, Burnley wakaja Anfield na kumaliza mfululizo wa mechi 68 za ligi ambazo Liverpool hawakupoteza nyumbani. Kisha wakaja Brighton, Manchester City, Everton, Chelsea na Fulham, na wote wakaondoka na pointi 3. Vipigo 6 mfululizo nyumbani, kwa bingwa mtetezi.

Tiba yake ilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Fabinho akarudishwa kiungo, na nyuma wakapangwa vijana ambao hakuna aliyewalipia tiketi kwenda kuwatazama: Nat Phillips, aliyekuwa karibu kuondoka klabuni, na Rhys Williams, ambaye msimu uliotangulia alikuwa akicheza kwa mkopo daraja la sita. Kwa jina, safu hiyo ya ulinzi ilikuwa dhaifu kuliko ile ya Fabinho na Henderson. Kwa matokeo, Liverpool walishinda mechi zao 5 za mwisho na kumaliza nafasi ya 3. Mtu wa kawaida aliyewekwa mahali pake aliisaidia timu kuliko mtu bora aliyewekwa mahali pa mwenzake.

Mpira haupendi kanuni, kwa hiyo niseme na upande wa pili kabla mshabiki wa Liverpool hajaninyooshea kidole. Mei 7, 2019, klabu hiyohiyo iliikabili Barcelona bila Mohamed Salah na Roberto Firmino, ikiwa nyuma kwa mabao 3. Andy Robertson akaumia, akashindwa kurudi kipindi cha pili. James Milner akahamishwa kutoka kiungo kwenda beki ya kushoto, Georginio Wijnaldum akaingia na kufunga mara 2. Divock Origi, aliyeanza kwa sababu wakubwa walikuwa majeruhi, naye akafunga 2. Ikaisha 4-0. Lakini Milner alikuwa amecheza beki ya kushoto karibu msimu mzima wa 2016/17. Kule hakuwa mgeni.

Brazil nao wana jozi yao ya mifano, na imetenganishwa na miaka 52. Kombe la Dunia la 1962 nchini Chile, Pelé aliumia katika mechi ya pili dhidi ya Czechoslovakia na hakucheza tena. Wakamwingiza Amarildo, akacheza kama Amarildo, akawafunga Hispania mabao 2 katika mechi ambayo ingeweza kuwarudisha nyumbani mapema. Garrincha akaubeba uzito uliobaki na Brazil wakatwaa kombe, Amarildo akifunga tena kwenye fainali. Mwaka 2014, wakiwa nyumbani, Neymar alivunjika pingili ya uti wa mgongo katika robo fainali na Colombia, Julai 4. Nahodha Thiago Silva naye akapata kadi ya njano iliyomfungia nje ya nusu fainali na Ujerumani. Siku 4 baadaye, kule Belo Horizonte, David Luiz na kipa Júlio César waliimba wimbo wa taifa wakiwa wameishika jezi ya Neymar juujuu kama watu waliokwenda kuzika.

Kocha Luiz Felipe Scolari alimpanga Bernard, winga mdogo wa umbo aliyekuzwa kisoka jijini humo humo, kana kwamba Neymar bado yupo ila kabadilishwa sura. Wajerumani walikuwa na Toni Kroos, Sami Khedira na Bastian Schweinsteiger katikati, na palepale ndipo Brazil walipohitaji mtu wa ziada. Mabao 4 yaliingia ndani ya dakika 6. Ikaisha 7-1. Watu bado wanasema Neymar angekuwepo ingekuwa vingine. Labda wangefunga 2. Ila mabao 7 hayakupita upande wa Neymar, yalipita mahali ambapo pengo la Silva lilikutana na kiungo kilichoachwa wazi, na juu ya hayo timu nzima ilikuwa imeingia uwanjani ikiomboleza. Katika orodha ya majeruhi huwezi kuandika hali ya moyo wa waliobaki, lakini nayo hucheza.

Kwetu, hadithi ya aina hii ninayoipenda ni ya Ally Salim. Aprili 2023 Simba walijikuta bila Aishi Manula, aliyeumia, na bila Beno Kakolanya. Dabi ya Kariakoo dhidi ya Yanga ilikuwa inakaribia, na baada yake Wydad Casablanca katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Kipa namba 3 wa klabu kubwa ya Dar es Salaam ni mtu anayejulikana zaidi na mashabiki wanaofika mazoezini kuliko na wanaokwenda uwanjani. Yanga walikuwa wakienda kuchukua ubingwa msimu ule. Vijiweni watu walishahesabu mabao.

Aprili 16 Simba walishinda 2-0, kwa mabao ya Henock Inonga na Kibu Denis. Wiki iliyofuata wakaifunga Wydad 1-0 kwa Mkapa, na kule Casablanca wakatolewa kwa penalti tu. Agosti 13, kwenye Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, Ally Salim aliokoa penalti 3 za Yanga na Simba wakaondoka na ngao.

Kijana alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi. Lakini tazama na kilichofanyika mbele yake. Kipa akiwa mgeni, mabeki wa kati hawapandi ovyo, kiungo hakawii kurudi, na hakuna anayemrudishia pasi ya kizembe kwa kuamini kwamba mkubwa ataiokoa. Pengo lilionekana na kila mtu, kwa hiyo kila mtu alilifunika. Hii ndiyo sababu jeraha la kipa, linalotisha kuliko yote likitangazwa, mara nyingi haliangushi timu kama jeraha la kiungo mkabaji, ambaye kazi yake hakuna aliyekuwa akiiona hadi siku asipokuwepo. Waulize Manchester City. Kiungo wao mkabaji, Rodri, aliumia goti Septemba 22, 2024, na kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi baada ya Krismasi timu ya Pep Guardiola, iliyokuwa imechukua ubingwa wa Uingereza mara 4 mfululizo, ilishinda mechi 1 kati ya 13. Mabao alikuwa akifunga Erling Haaland, na Haaland alikuwepo.

Wanaobashiri matokeo kwa pesa wangefaidika na jambo hilo kama wangelizingatia. Straika maarufu akiumia, habari inasambaa nchi nzima kabla ya chakula cha mchana na kampuni za kubashiri zinashusha na kupandisha viwango vyake saa hiyohiyo. Mtu wa mkeka anayejidai kugundua kwamba nyota fulani hayupo amegundua kitu ambacho tayari kimeshakatwa kwenye malipo yake. (Sisemi hivi ili mtu akabeti. Nasema ili ajue anashindana na nani.)

Kwamba majeraha kwa ujumla hupunguza ushindi, hilo limepimwa. Daktari Jan Ekstrand wa Sweden na wenzake wamekuwa wakifuatilia klabu kubwa za Ulaya kwa niaba ya UEFA tangu 2001. Makadirio yao yanasema timu ya wachezaji 25 itegemee majeraha kama 50 kwa msimu, yaani wastani wa mawili kwa kila mchezaji. Msuli wa nyuma ya paja ndio unaoongoza, na sehemu yake imekuwa ikikua mwaka hadi mwaka kadiri mchezo unavyozidi kuwa wa mbio za kasi. Mwaka 2013 kundi hilo lilichapisha matokeo ya misimu 11: klabu zilizokuwa na wachezaji wengi wazima kwa mechi zilimaliza juu zaidi kwenye ligi zao. Leicester City walipowashangaza Waingereza mwaka 2016, walitumia wachezaji 23 tu kwenye ligi msimu mzima. Kocha Claudio Ranieri alisifiwa kwa mbinu, na alistahili, lakini alikuwa na anasa ambayo wenzake hawakuwa nayo: kupanga kikosi kilekile wiki baada ya wiki.

Hayo ni ya msimu. Mechi moja ina siasa zake, na ya kwanza ni usiri. Kocha anapokaa mbele ya vinasa sauti siku moja kabla ya mechi, anawaambia mashabiki jambo moja na kocha mwenzake jambo jingine, kwa sentensi ileile. Juni 14, 2018, kocha wa Misri Héctor Cúper alisema alikuwa na uhakika wa karibu asilimia 100 kwamba Salah angecheza na Uruguay siku iliyofuata kwenye Kombe la Dunia. Salah alikuwa ameumia bega Mei 26 kule Kyiv, alipoangushwa na Sergio Ramos kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Siku ya mechi, ambayo ilikuwa pia siku yake ya kuzaliwa, Salah alikaa benchi dakika zote 90. Uruguay walifunga dakika ya 89 kwa kichwa cha José Giménez.

Sidhani Cúper alidanganya kwa ubaya. Uruguay walilazimika kulala wakimwaza Salah, na hilo lina thamani. Lakini wachezaji wa Misri nao walilala wakimtegemea. Timu inayojua Jumatatu kwamba nyota wake hayupo Jumamosi ina siku 5 za kujifunza kuishi bila yeye. Inayojua saa moja kabla ya mechi haina kitu.

Hapo tumefika kwa mchezaji ninayemwogopa kuliko aliyelazwa: aliyepona nusu. Daktari anaposema mchezaji ana utimamu wa asilimia 90, shabiki anafurahi, maana 90 ya nyota ni zaidi ya 100 ya mtu wa benchi. Hesabu hiyo inapotosha. Msuli wa paja ulioanza kupona unamruhusu mtu kutembea, kukimbia polepole, kupiga pasi, hata kupiga penalti. Asilimia 10 anayokosa ni ile mbio ya mita 20 kwa kasi ya mwisho, na kwa mshambuliaji hiyo ndiyo sababu ya kumnunua. Tena msuli huo ukichanika mara ya pili, kwa kawaida humweka nje muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

Diego Costa, mshambuliaji wa Atlético Madrid, alilijaribu hilo mbele ya dunia nzima. Kabla ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya Mei 24, 2014, kule Lisbon, alikwenda hadi Belgrade kutibiwa paja kwa dawa iliyotokana na kondo la nyuma la farasi. (Vyombo vya habari vya Ulaya viliandika habari hiyo kwa umakini mkubwa. Ingekuwa ni timu yetu, wangetumia neno jingine.) Alianza, na dakika ya 9 akatoka. Kocha Diego Simeone alikuwa ametumia nafasi 1 kati ya 3 za kubadilisha wachezaji kabla jasho halijawatoka. Ramos wa Real Madrid alisawazisha katika dakika za nyongeza, na katika nusu saa ya ziada Atlético hawakuwa na mtu wa kumwingiza huku beki wao Juanfran akichechemea. Real Madrid 4, Atlético 1. Leo timu zinaruhusiwa kubadilisha watu 5, kwa hiyo kamari kama ile ina nafuu kidogo.

Tottenham wao walilipa kwa namna nyingine mwaka 2019. Harry Kane alikuwa nje kwa enka tangu Aprili 9. Lucas Moura alikuwa amefunga mabao 3 kule Amsterdam kuwapeleka fainali ya mashindano yaleyale. Fainali ikaja Juni 1, Kane akapangwa, Moura akakaa benchi, Liverpool wakashinda 2-0 na Kane hakuonekana. Ni vigumu kumlaumu kocha Mauricio Pochettino, kwa kuwa angemwacha Kane nje na kufungwa wangemla mzima. Lakini timu iliyofika fainali haikuwa ile iliyocheza fainali.

Novemba 5, 2023, Simba walimrudisha Manula langoni dhidi ya Yanga baada ya miezi mingi ya jeraha na upasuaji. Ikawa 5-1. Haki inadai isemwe kwamba siku ile Maxi Nzengeli na wenzake wangemfunga kipa yeyote, kwa jinsi kiungo cha Simba kilivyopitika. Swali langu ni la kocha Robertinho tu: kati ya mechi zote za ligi, kwa nini iwe ile ndiyo ya kumrudishia mtu makali? Hakupata muda mrefu wa kujibu. Alifukuzwa siku hizo hizo.

Mwenye kutaka kunibishia ana Franco Baresi. Aliumia goti Juni 23, 1994 akiichezea Italia dhidi ya Norway kwenye Kombe la Dunia, akapasuliwa, na Julai 17 akacheza dakika 120 za fainali kule Pasadena bila Romário wa Brazil kumpita kwa bao. Nakubali. Ila katika fainali ileile Roberto Baggio alicheza na paja lililomsumbua tangu nusu fainali, na hakuwa Baggio. Beki wa kati mwenye akili ya Baresi anaweza kuishi kwa kusimama mahali sahihi. Mshambuliaji analazimika kuondoka pale aliposimama. Kisha wote wawili wakapaisha penalti zao, jambo ambalo lingeweza kuwapata hata wazima.

Misri ndio wanaojua zaidi kwamba mtu wa akiba hana bei ya kudumu. Katika AFCON ya Cameroon, kipa Mohamed El Shenawy aliumia kwenye mechi na Ivory Coast, akaingia Gabaski. Gabaski akaokoa penalti siku ileile, akaokoa nyingine dhidi ya Cameroon kwenye nusu fainali, na kwenye fainali akaipangua ya Sadio Mané, ingawa Senegal ndio waliobeba kombe. Miaka 2 baadaye, Ivory Coast, Salah aliumia paja katika mechi na Ghana, na siku 4 baadaye El Shenawy akaumia bega. Gabaski akarudi tena langoni. Januari 28, 2024, kule San Pedro, Misri na DR Congo walimaliza 1-1 na kupigiana penalti hadi zamu ikawafikia makipa. Gabaski aligonga mwamba. Lionel Mpasi akafunga ya kwake, na Wakongo wakaenda robo fainali.